KUINGIA SI KUKUBALI

Mafundi wa kompyuta wa pwani yetu wana maneno mawili wanayoyatumia kutwa, na mimi ambaye kazi yangu ni kupima maneno nimeyasikiliza kwa makini. La kwanza ni kuingia, la pili ni kukubali. Fundi hukitwaa kipande, akakitia mahali pake, kikakaa sawasawa, naye akasema, "Kimeingia." Lakini hapo hajamaliza. Huunganisha waya, akawasha umeme, akangoja. Skrini ikitoa picha ndipo asemapo, "Kimekubali." Isipotoa, hutikisa kichwa na kusema, "Kuingia kimeingia, ila hakikubali."

Baina ya maneno mawili hayo ndipo zipoteapo fedha za watu wetu. Wapo vijana Mombasa, Malindi na Lamu ambao hawanunui kompyuta ya mezani iliyo kamili. Hununua vipande wakaunda yao wenyewe, ama wakampa fundi awaundie. Yuko anayehariri picha za harusi, yuko anayechapisha kadi na mabango, yuko anayerekodi kasida, na yuko mwanafunzi anayechora ramani za majumba. Aghalabu hawana uwezo wa kununua vyote siku moja. Mwezi huu prosesa, mwezi ujao memori, mwezi wa tatu madabodi. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini kibaba chenyewe kikiwa kimetoboka, hiyo haba na haba itajaza nini?

Namjua kijana mmoja aliyekusanya vipande vyake kwa muda wa miezi sita, kila kimoja kipya, kila kimoja kizuri. Siku ya kuviunganisha akakuta prosesa ni ya soketi hii na madabodi ni ya soketi ile. Duka la kwanza lilikataa kurudishiwa kwa kuwa boksi limekwisha funguliwa. Duka la pili likasema halikumuuzia prosesa, basi halihusiki. Hapana aliyemwibia, na hata hivyo fedha zake zimekwenda.

Rai yangu ni hii, ndugu msomaji. Katika kuunda kompyuta, jambo la kuuliza kwanza si nguvu ya kipande bali ni ujirani wake: kitakaa na nani, kitapata umeme kwa nani, na kitafanya kazi gani. Tumezoea kusema mchagua jembe si mkulima. Katika kilimo hiki cha sasa, asiyechagua jembe na mpini wake pamoja hatalima.

Tuanze na asili ya jambo. Kompyuta ya mezani haikuwa kitu kimoja tangu ilipoanza kuenea. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ambayo vipande vyake vingi vilitoka katika makampuni mengine, na ikachapisha maelezo ya mambo yaliyomo ndani. Wengine wakapata njia ya kutengeneza vipande vya kuongezea, na baadaye kompyuta nzima za kufanana nayo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa madabodi, mahali pa matundu ya skurubu, na namna ya kupokea umeme. Kwa ajili ya vipimo kama hivyo, sanduku la kompyuta lililoundwa na kiwanda kimoja hupokea madabodi ya kiwanda cha pili na paua saplai ya kiwanda cha tatu. Huo ndio uhuru wa mwenye kuunda yake. Lakini kila uhuru una hesabu yake, na hesabu hii nitaigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vipande visivyoingia kabisa. Prosesa hukaa katika soketi iliyo juu ya madabodi, na kila soketi ina jina lake. Kampuni ya AMD ilileta soketi ya AM4 mwaka 2016; prosesa zake zina miguu 1331. Mwaka 2022 ikaleta AM5 yenye nukta 1718 za kugusana, wala hazina miguu. Intel nayo ilikuwa na LGA 1700 tangu mwaka 2021, kisha ikaleta LGA 1851 mwaka 2024. Hapo hapana mjadala: ya AM4 haikai katika AM5. Na memori ni hivyo hivyo. DDR4 na DDR5 zote zina nukta 288 na urefu mmoja, lakini pengo lililo kati ya meno yake halipo mahali pamoja. AM4 hutaka DDR4 tu, AM5 hutaka DDR5 tu; madabodi za LGA 1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na kila moja ina yake.

Kadhalika ukubwa. Madabodi ya ATX kamili ina milimita 305 kwa 244. Ile ya kati iitwayo microATX ni 244 kwa 244. Na ndogo ya Mini-ITX ni 170 kwa 170. Ndogo hukaa katika sanduku kubwa, kubwa haikai katika dogo. Kadi ya picha ina urefu wake, na feni ya kupozea prosesa ina kimo chake. Feni ya Noctua NH-D15, ambayo inasifiwa sana kwa kupoza, ina kimo cha milimita 165. Sanduku linalopokea milimita 155 halitafunga mlango wake. Hayo yote yameandikwa katika maelezo ya kila kipande, na futi kamba ya fundi cherehani inatosha kuyahakiki.

Mimi vipande vya fungu hili naviita waungwana. Kikukataacho mlangoni kimekwambia kweli mapema. Hasara huja pale mtu anapotumia nguvu, akavunja meno ya memori au akakunja miguu ya prosesa.

Fungu la pili ndilo la kuogopwa, nalo ni la vipande viingiavyo visikubali. Hivi vina sura ya urafiki. Chukua mfano wa soketi ya Intel ya LGA 1151. Ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha sita, na za kizazi cha saba zikafuata. Mwishoni mwa mwaka 2017 kikaja kizazi cha nane: nukta ni zile zile 1151, umbo ni lile lile. Walakini madabodi za zamani hazikuandaliwa kwa prosesa mpya, wala mpya kwa zile za zamani. Mtu huhesabu nukta, akaziona zimetimu, akalipa. Kuingia huingia.

Upande wa AMD mna mtego wa namna nyingine. Madabodi ya B450 ilitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka mwaka 2020. Zote ni za AM4, na zaweza kukaa pamoja kwa amani. Lakini madabodi hiyo sharti kwanza ipewe toleo jipya la programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, ndipo iitambue prosesa iliyozaliwa baada yake. Mwenye madabodi iliyokaa ghalani miaka mitatu huwasha akapata giza, akadhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe wawili hao hawajajuana tu.

Memori nayo ina mtego wake. Ziko memori za DDR4 zilizotolewa katika seva, yaani kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine, zikauzwa kwa bei ya kuvutia. Zile za aina iitwayo RDIMM huingia katika nafasi ya kompyuta ya mezani bila ya taabu, na madabodi ya kawaida haizikubali. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu zao katika memori za vituo vikubwa vya akili bandia. Bei inapopanda hivyo, cha rahisi hutamanisha zaidi, na kukosea huumiza zaidi.

Diski ndogo za M.2, zile zenye umbo la kipande cha ubani wa kutafuna, ziko za SATA na ziko za NVMe. Kuna nafasi za M.2 zinazokubali zote mbili, na kuna zinazokubali NVMe peke yake. Jina la M.2 linakupa umbo. Lugha inayosemwa humo ndani halikuambii. Na prosesa za Intel ambazo namba yake imefuatwa na herufi F, kama vile Core i5-12400F, hazina uwezo wa kutoa picha. Mtu akiiunda kompyuta kwa prosesa hiyo bila ya kadi ya picha, kila kitu kitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Herufi moja! Sisi watu wa mashairi tunalijua hili. Neno laweza kuwa zuri, lenye maana tukufu na kina barabara, na likazidi mizani moja tu. Ubeti mzima ukachechemea.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika waya za umeme. Ziko paua saplai ambazo waya zake huchomolewa. Upande wa kuingia katika diski au madabodi waya hizo hufuata kanuni moja. Lakini upande wa kuingia katika paua saplai yenyewe hapana kanuni inayowafunga watengenezaji wote. Waya ya kampuni hii huweza kuingia katika paua saplai ya kampuni ile, tena kwa mlio mzuri wa kujifunga, kisha ikapeleka umeme pasipopelekwa. Diski yenye kazi ya mwaka mzima ikaungua kwa sekunde moja. Basi usiazime waya za paua saplai hata kwa nduguyo, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba zinaingiliana. Na zile paua saplai za zamani zenye kitufe chekundu nyuma, chenye kuonyesha 115 na 230, hakikisha zimewekwa 230 kabla ya kuwasha, kwani umeme wa Kenya ni volti 240.

Fungu la tatu ni la vipande vinavyoingia na vikakubali, lakini havifai. Hapa ndipo panapotaka busara kuliko elimu. Tuseme kijana wetu wa picha za harusi amechagua prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyoandikwa wati 65, na kadi ya GeForce RTX 3060, iliyoandikwa wati 170. Jumla ni wati 235, na bado madabodi, diski na feni. Hapo husema, paua saplai ya 350 inatosha na kusaza. Lakini kampuni ya Nvidia inayounda kadi hiyo inapendekeza paua saplai ya wati 550, kwa kuwa kazi ikipamba moto matumizi hupanda ghafla, na mashine inayokimbizwa ukomo wake mchana kutwa haidumu. Hata jahazi likikubali tanga lililozidi mlingoti siku ya upepo mwanana, halitalibeba siku ya kusi.

Na tusisahau tulipo. Machi ya Mombasa hailingani na chumba chenye kiyoyozi ambamo vipande hivi hupimwa. Hewa yetu ina joto, unyevu na chumvi, na chumvi ni adui wa shaba na bati. Sanduku zuri la vioo pande zote, lisilo na njia ya hewa mbele, laweza kufaa kwenye nchi ya baridi. Kwetu ni tanuri. Afadhali sanduku la bati lililo wazi mbele, lenye feni mbili na chujio la vumbi linalotolewa likaoshwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini kidonda hiki hutoa moshi.

Vilevile memori. Gigabaiti 16 zikiwa vipande viwili vya 8, katika nafasi ambazo kitabu cha madabodi kimezitaja, hufanya kazi kwa kasi kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma kwa njia mbili pamoja. Gharama yaweza kukaribiana, faida ikazidi. Hayo hayahitaji tajiri. Yahitaji mwenye kuuliza.

Kuna na hizi kompyuta za ofisi zilizokwisha tumika, ziletwazo kutoka ng'ambo. Mimi sizibezi, zimesomesha wengi. Lakini anayeinunua kwa nia ya kuiongezea nguvu baadaye na afungue sanduku kwanza. Nyingi zile nyembamba hupokea kadi fupi tu, na baadhi yake zina paua saplai na madabodi za umbo la pekee, ambazo hazibadilishwi kwa kipande cha kawaida. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka kinga iitwayo TPM 2.0, na kwa jumla prosesa za Intel za kizazi cha nane kuja juu, au Ryzen za 2000 kuja juu. Kompyuta ya kizazi cha nne bado yaweza kutumika kwa Linux, ambayo hailipiwi. Lakini mnunuzi alijue hilo kabla ya kutoa fedha, si baada yake.

Sasa nizungumze na wenye maduka. Muuzaji huijua bidhaa yake kuliko mnunuzi. Anajua kwamba prosesa ile yenye F haitoi picha, na memori ile imetoka katika seva. Katika fikihi ya biashara tuliyofunzwa, kuficha aibu ya bidhaa hakujuzu, na mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichwa ana khiari ya kurudisha. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 31, nayo inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, basi bidhaa hiyo yapasa kuifaa kazi ile. Lakini anayeingia dukani akataja mwenyewe jina la kipande na kukinunua kwa jina hilo, hana kinga hiyo ya kufaa kwa kazi maalumu. Kwa hivyo usiseme tu, "Nipe memori." Sema, "Nina madabodi hii, na prosesa hii, nataka memori itakayokubali," na umwombe aandike hivyo katika risiti. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, amekujibu.

Wako watakaosema: ya nini taabu yote hii, si mtu anunue kompyuta ya mkononi tu? Anayesafiri na anunue, tena hana lawama. Lakini kompyuta ya mezani ina sifa ambayo nyingi za mkononi zimeipoteza: kikifa kipande kimoja hakifi kizima. Paua saplai ikiungua, hubadilishwa peke yake. Memori ikiwa ndogo, huongezwa. Kwa mtu wa kipato chetu hiyo ni akiba, na kwa fundi wa mtaani hiyo ni riziki.

Nao mafundi nina ombi kwao. Ujuzi wanao, na Kiswahili chake wanacho: kinaingia, kinakubali, hakikubali, kinazidiwa, kinaungua. Lakini ujuzi huo uko vinywani mwao tu, ilhali maboksi na vitabu vya vipande vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa namba. Kila duka la fundi lingeweza kutundika ukutani karatasi moja ya Kiswahili yenye maswali saba. Kazi yako ni ipi? Prosesa yako ni ya soketi gani? Je, mtengenezaji wa madabodi ameitaja prosesa hiyo katika orodha ya zile inazozikubali, na kwa toleo gani la BIOS? Memori ni DDR ya ngapi, na ni ya kompyuta ya mezani au ya seva? Picha itatoka katika prosesa au katika kadi? Wati ni ngapi, na waya ni zake mwenyewe? Sanduku lina nafasi ya urefu gani na kimo gani? Atakayeweza kuyajibu yote saba kabla ya kununua, kwa nadra atapoteza shilingi.

Na mnunuzi asiye na fedha za kununua vyote pamoja, basi na aandike orodha yote pamoja. Aipeleke kwa fundi ikiwa kamili, ihakikiwe ingali karatasi, kwani karatasi hufutika na risiti haifutiki. Kisha akinunua, aanze na vipande viishivyo kwa vizazi vingi, yaani sanduku na paua saplai nzuri. Prosesa, madabodi na memori avinunue kwa mkupuo mmoja, duka moja ikiwezekana, na avijaribu wiki ile ile, muda wa kurudisha ungali haujapita. Figa moja haliinjiki chungu, na mafiga matatu yasiyolingana humwaga mchuzi.

Kuuliza si ujinga. Tumewafunza watoto wetu hivyo chuoni na skuli. Tusiwaonee haya wakiuliza dukani. Kijana anayesimama mbele ya kaunta na kuuliza, "Hiki kitakubali na kile?" hapotezi wakati wa mtu. Analinda jasho lake, na anamlinda muuzaji na dhima.